Kamusi ya Kijapani na Kiingereza kwenye simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayejifunza Kijapani akiwa na Kiswahili kichwani hana budi kupitia Kiingereza, kwa kuwa karibu kamusi zote za simu zinafasiri Kijapani kwa Kiingereza. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila nikionekana nimeinamia simu natafuta neno. Mengine yana jibu refu, mengine mstari mmoja unayatosha. Ukiwa na haraka, ruka uende kwenye swali la majaribio ya dakika kumi.

Kamusi ipi ina maneno mengi kuliko zote?

Kila mtu huanza na swali hili, na ndilo lenye msaada mdogo kuliko yote. Kamusi nyingi za bure, hata zikijipamba kwa majina na rangi tofauti, zinachota maji kwenye kisima kimoja kiitwacho JMdict. Kazi hiyo ilianzishwa na Jim Breen wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, mwaka 1991, ikijulikana wakati huo kama EDICT. Leo ina vidahizo, yaani maneno yaliyoorodheshwa kamusini, zaidi ya 200,000, na watu wa kujitolea bado wanaongeza na kusahihisha. Leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, hata kwa biashara, mradi ataje ilikotoka. Ndiyo maana ukifungua ukurasa wa "Kuhusu" katika programu hizi utakuta jina la JMdict au la EDRDG, kundi linaloisimamia.

Kandokando yake kuna ndugu zake: KANJIDIC yenye maelezo ya kanji (herufi za Kijapani zilizotoka Kichina) zaidi ya 13,000, JMnedict yenye majina ya watu na mahali, na KanjiVG inayoonyesha mpangilio wa mistari ya kila kanji. Programu ikijigamba kuwa ina maneno laki tisa, ujue imehesabu na majina. Watu, vijiji, vituo vya treni, vyote vimeingizwa kwenye jumla.

Kama ghala ni moja, zinatofautiana wapi?

Mlangoni. Yaani jinsi unavyoingia kulifikia neno, na kile unachoonyeshwa ukishalifikia.

Chukua mfano wa kwetu. Mtu akikutana na "hawakupiganishwa" asilitafute kwenye kamusi ya Kiswahili likiwa na nguo zake zote, hatalipata. Inabidi avue hawa-, avue -ku-, avue -an-, -ish- na -w-, abaki na piga. Mzungumzaji wa Kiswahili hufanya hivyo bila kufikiri. Mgeni hutoka jasho. Sasa geuza meza: katika Kijapani mgeni ni wewe. Unakutana na 食べさせられたくなかった, tabesaseraretakunakatta, "sikutaka kulazimishwa kula". Ndani yake mna tabe- ya kula, -sase- inayofanya kazi ya -ish- yetu, -rare- inayofanya kazi ya -w-, kisha kutaka, kisha ukanushi wa wakati uliopita. Kidahizo ni 食べる, taberu.

Kamusi nzuri inakuvulia yote hayo. Unabandika neno zima, nayo inakuambia: hiki ni kitenzi taberu, kimenyambuliwa hivi na hivi. Kamusi mbovu inakujibu kwamba neno halipo. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza, kwa sababu maandishi ya Kijapani ya kawaida hayakupi kitenzi kikiwa kimevuliwa. Utakipata kimevaa kila mara.

Nimekutana na kanji nisiyojua kuisoma. Nitaitafutaje?

Kama iko kwenye maandishi ya simu, nakili ubandike, yamekwisha. Shida ni ile iliyo kwenye karatasi, ukutani au ndani ya picha. Hapo una njia tatu.

Ya kwanza ni kutafuta kwa vipande. Programu inakuonyesha jedwali la sehemu zinazojenga kanji, unagusa zile unazoziona. Tuseme umeiona 語. Kushoto kuna 言, kulia juu 五, kulia chini 口. Ukigusa 言 peke yake orodha inabaki ndefu; ukiongeza 五 inapungua sana, na 語 yenyewe unaiona mbele yako. Huhitaji kujua kipi kati ya vipande hivyo ni kiini rasmi katika viini 214 vya jadi. Kamusi za karatasi ndizo zilizokuwa na ukali huo.

Ya pili ni kuchora kwa kidole. Inafurahisha, na inafanya kazi vizuri kwa anayejua mpangilio wa mistari. Asiyejua atahangaika, kwa sababu programu nyingine hazitazami picha tu, zinatazama pia ulianza wapi. 右 na 左, kulia na kushoto, zinafanana sehemu ya juu, lakini 右 huanza na mstari wa kushuka mshazari na 左 huanza na mstari wa mlalo. Kabla ya kuikubali kamusi, chora kanji moja kwa mpangilio uliokosea makusudi uone kama itakusamehe.

Ya tatu ni kamera. Kwenye maandishi ya kompyuta yaliyonyooka inaokoa muda mwingi. Kwenye mwandiko wa mkono, herufi za mapambo na maandishi yanayoshuka kutoka juu kwenda chini, usiiamini mpaka umelinganisha kanji moja moja na ulichokiona. Binafsi naanza na kamera, ikishindwa nahamia kwenye vipande. Kuchora nakuacha mwisho.

Naandika maneno ya Kijapani kwa herufi za Kirumi. Kuna ubaya?

Hakuna ubaya, ila kuna mitego. Irabu zao ni tano kama zetu, a e i o u, na zinatamkwa karibu sawa, kwa hiyo sikio la Kiswahili lina nafuu kubwa. Mtego uko kwenye n na kwenye urefu wa irabu.

Tazama maneno haya matatu. Kinen, 記念, ni kumbukumbu. Kin'en, 禁煙, ni marufuku kuvuta sigara. Kinnen, 近年, ni miaka ya karibuni. Mara ya kwanza kutafuta lile la sigara niliandika kinen, nikajibiwa "commemoration", nikabaki naukodolea macho mchoro wa sigara iliyokatwa mstari mwekundu, najiuliza wanamkumbuka nani. Ule mkato wa juu katika kin'en si pambo, kama usivyo pambo katika ng'ombe. Unasema n imeishia hapo na irabu inaanza upya.

Urefu wa irabu nao: biru ni jengo, biiru ni bia. Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi, na sidhani kama shangazi yeyote angependa mchanganyiko huo. Kamusi iliyotengenezwa kwa uangalifu hukuonyesha pia maneno ya jirani ukikosea urefu. Nyingine inakuacha na ulichoandika.

Suluhisho la kudumu ni kuweka kibodi ya Kijapani kwenye simu na kuandika kwa hiragana, herufi za Kijapani zinazoandika sauti. Inachukua siku chache kuizoea. Simu za Android na iPhone zote zinayo kwenye mipangilio.

Kiingereza kinanichanganya kuliko Kijapani chenyewe. Tatizo ni langu?

Mara nyingi si lako. Kiingereza ni daraja, na daraja hilo ni jembamba mahali ambapo Kijapani na Kiswahili vyote ni vipana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote: fungua 稲, ine, kisha 米, kome, kisha ご飯, gohan. Mara tatu utasoma neno lilelile, "rice", labda na maelezo kidogo pembeni. Mwanafunzi anabaki anajiuliza kwa nini Wajapani wana maneno matatu. Wewe huna haja ya kujiuliza: ine ni mpunga, kome ni mchele, gohan ni wali. Andika hivyo kwenye kamusi yako usonge mbele.

Vivyo hivyo kore, sore na are. Kiingereza kina "this" na "that" tu, kwa hiyo vitabu huongeza maelezo marefu kuhusu kilicho karibu na msikilizaji. Sisi tunayo hiki, hicho na kile, na kwa sehemu kubwa vinakaa palepale.

Vitenzi ndivyo vinavyoonyesha jambo hili zaidi. 開ける, akeru, na 開く, aku, vyote hupewa "to open". 壊す, kowasu, na 壊れる, kowareru, vyote "to break". Kiswahili kimeshatenganisha zamani: fungua na funguka, vunja na vunjika. Kila ukiona jozi ya namna hii, jiulize ipi ni ya -ka. Kamusi inakusaidia kwa alama ndogo: vt ni kitenzi chenye kutendwa kitu, vi ni kile kinachotokea chenyewe. Programu inayozificha alama hizo ili ukurasa uonekane safi imekunyang'anya kitu cha thamani.

Halafu kuna maneno ya watu. お疲れ様です, otsukaresama desu, kamusi inakuzungusha kwenye maelezo ya kushukuru kwa bidii ya kazi. Ni "pole na kazi". お大事に, odaiji ni, ni "ugua pole". ごめんください, anayoita mtu akiwa mlangoni kwa watu, ni hodi.

Ila usidhani Kiswahili kitakuokoa kila mahali. Sisi tunavaa kila kitu: shati, viatu, kofia, miwani. Mjapani shati anasema kiru, viatu haku, kofia kaburu, miwani kakeru. Hapo "vaa" na "wear" vyote vinakutumbukiza shimoni, na mfano wa sentensi ndio pekee utakaokutoa.

Kwa hiyo nikichagua kamusi nataka mambo mawili: iniruhusu kuandika maelezo yangu kwenye kidahizo, na ioneshe sentensi za mfano bila kunifanya nibonyeze mara tatu.

Hizo alama nyingine ndogo zinasema nini?

uk: neno hili kwa kawaida huandikwa kwa kana, yaani herufi za sauti kama hiragana, kanji unaoneshwa kwa taarifa tu. Ukiandika うるさい, urusai, kwa kanji yake 煩い utaonekana mtu wa vitabuni. hon ni la kumheshimu mwenzako, hum ni la kujishusha wewe, col ni la mazungumzo, arch limepitwa na wakati. Alama ya neno la kawaida, ambayo kwenye data ya asili ni P na programu nyingi huigeuza rangi au nyota, ndiyo ya kutazama kwanza ukiletewa matokeo ishirini. Anza na yale yenye alama hiyo.

Na mtu asiyezitazama alama hizi atakuja kumwita mkuu wake 貴様, kisama, kwa kuwa kamusi imesema "you". Alama iliyo pembeni ilimwonya kwamba ni tusi.

Sentensi za mfano zinaaminika?

Kiasi. Sehemu kubwa ya sentensi za bure imetoka Tatoeba, mkusanyo wa sentensi wa mtandaoni, na nyingi za zamani ndani yake zilikusanywa na Profesa Yasuhito Tanaka pamoja na wanafunzi wake, jozi zaidi ya 200,000 zilizotolewa mwaka 2001. Wanafunzi walinakili kutoka huku na kule, makosa yakaingia, na yamekuwa yakisafishwa tangu hapo. Nyingine ni sahihi kisarufi lakini hakuna Mjapani ambaye angezitamka. Zitumie kuona neno linakaa na kihusishi gani. Usizikariri uende nazo kwa watu.

Kamusi za kulipia zina faida?

Inategemea umefika wapi. Kamusi kubwa za mashirika ya uchapishaji ya Japani zina kina ambacho JMdict haina. Ile kubwa ya Kenkyusha, toleo la 5 la mwaka 2003, ina mifano ya matumizi isiyohesabika kwa mkupuo. Lakini kuna jambo ambalo maduka ya programu hayakwambii: kamusi hizo zimeandikwa kwa ajili ya Mjapani anayetaka kuandika Kiingereza. Mjapani hahitaji kuambiwa kanji inasomwaje, wala tofauti ya maneno mawili ya lugha yake mwenyewe. Basi mifano imejaa kanji zisizo na furigana, vile vikana vidogo vya juu vinavyoonyesha matamshi, na tafsiri za Kiingereza zimepangwa kumsaidia mwandishi wa Kiingereza achague. Anayeanza akinunua, atakuwa amenunua ukuta.

Ukishaweza kusoma habari za kawaida bila kukwama kila mstari, mambo yanageuka. Hapo afadhali ununue kamusi ya Kijapani kwa Kijapani, kama Daijirin ya Sanseido, uache daraja kabisa. Katikati ya hatua hizo mbili, kaa na ya bure.

Kulipa kidogo ili kuondoa matangazo ni suala jingine. Tangazo linaloruka katikati ya ukurasa wakati unahesabu mistari ya kanji linaudhi kiasi cha kuhalalisha malipo.

Mbona kanji kwenye simu yangu hazifanani na za kitabuni?

Hili linawasumbua wengi bila wao kujua. Tazama 直. Kwa mwandiko wa Kijapani, upande wa kushoto kuna mstari unaoshuka kisha unapinda kona kwenda kulia, kama herufi L inayolikumbatia 目. Kama kwenye simu yako huioni kona hiyo, na mstari wa chini umelala tu chini ya kile kisanduku, simu inakuonyesha umbo la Kichina. 骨 nayo: angalia kijisanduku kidogo cha juu, kona yake imegeukia kulia au kushoto? Ya Kijapani iko kulia.

Sababu ni kwamba Unicode, mfumo wa kompyuta wa kuzipa herufi namba, imezipa kanji za Kichina na za Kijapani zinazolingana namba moja, na fonti ndiyo inayoamua umbo. Simu isiyojua kwamba unataka Kijapani huenda ikachukua fonti ya Kichina. Dawa: nenda kwenye mipangilio ya lugha, ongeza Kijapani kiwe lugha ya pili baada ya ile unayoitumia. Huna haja ya kubadili simu nzima. Kamusi makini hubeba au huomba fonti ya Kijapani yenyewe, na 直 ni neno zuri la kuipima. Nimeona watu wamejifunza kuandika umbo la Kichina miezi kadhaa, wakalaumiwa kwa uzembe, kumbe simu ndiyo iliyowafundisha.

Lazima niwe na intaneti?

Hapana, na usikubali kamusi inayodai hivyo kwa kutafuta neno tu. Data yote ya JMdict inaingia kwenye simu bila taabu. Kinachokula nafasi ni sauti, fonti na sentensi za mifano. Zima mtandao, tafuta neno, uone. Na kamusi ikiomba kusoma orodha ya namba za watu kwenye simu yako, ifute; kamera na hifadhi naelewa, jirani zangu wanaihusu nini?

Nitajie basi majina.

Kwenye Android, Takoboto na Akebi zote zinafanya kazi bila mtandao. Akebi ina uchoraji mzuri wa kidole. Kwenye iPhone kuna Shirabe Jisho, na kwa anayekubali kulipa, Midori. Ukiwa na mtandao, tovuti ya Jisho inatosha watu wengi, na utafutaji wake kwa vipande ni mwepesi hata kwenye skrini ndogo. Kwa anayesoma sana kurasa za Kijapani, Yomitan huwekwa ndani ya kivinjari, hata Firefox ya Android, na kukuonyesha maana ya neno papo hapo kwenye ukurasa. Inahitaji subira kuipanga mara ya kwanza.

Pakua mbili, ukae nazo wiki moja. Utajikuta unafungua moja tu.

Nifanye majaribio gani ya dakika kumi?

Zima mtandao kwanza. Andika 食べさせられた uone kama inakurudisha kwenye taberu. Kisha 開く, na utazame kama inakupa usomaji wote wawili, aku na hiraku, kila mmoja na maelezo yake. Kisha 人気: ikisomwa ninki ni umaarufu, ikisomwa hitoke ni dalili kwamba mahali pana watu, kamusi inayokupa moja tu imekupunja.

Andika かける. Hili ni jaribio la subira. Kitenzi hiki kina maana zaidi ya 20, kuanzia kutundika, kuketi, kupiga simu, hadi kunyunyizia chumvi, na hapo ndipo utaona kama ukurasa umepangwa au umemwagwa. Je, maana zina namba? Kila mfano umekaa chini ya maana yake, au yote imerundikwa mwisho?

Andika *語, yaani nyota ikifuatwa na kanji hiyo, upate maneno yote yanayoishia nayo. Kamusi inayokubali nyota inakufungulia mlango mwingine kabisa wa kujifunza, kwa kuwa utaona familia nzima ya neno kwa mkupuo mmoja. Na スワヒリ語, Suwahirigo, imo.

Mwisho ググる, guguru, kutafuta kwa Google. Ni la mitaani, na lisipokuwemo data yao ni ya zamani.

Zile alama za N5 hadi N1 ni za kweli?

Ni makisio. Mtihani wa JLPT, unaopima Kijapani cha wageni, ulibadilishwa mwaka 2010 ukawa na ngazi tano, na tangu hapo waandaaji hawatoi orodha rasmi ya maneno wala ya kanji. Programu zinategemea orodha za kabla ya hapo na ubashiri wa walimu. Zinafaa kukupa mwelekeo. Orodha iliyo rasmi ni ya jōyō, kanji 2,136 za matumizi ya kawaida tangu 2010, na hiyo kamusi nyingi huionyesha.

Matamshi je? Kamusi ina sauti.

Sauti nyingi ni za mashine, na mashine nayo hukosea kusoma kanji yenye usomaji zaidi ya mmoja. Tegemea kana. Kuhusu kupanda na kushuka kwa sauti, hashi ikianza juu kisha ikashuka ni vijiti vya kulia, ikianza chini ikapanda ni daraja. Hivyo ndivyo lahaja ya Tokyo inavyokwenda. Baadhi ya kamusi huchora mstari juu ya kana kuonyesha jambo hilo. Ni nyongeza nzuri, si ya kukufanya ubadili kamusi.

Kwa nini nisitumie tu programu ya kutafsiri?

Itumie kwa sentensi. Kwa neno, itakuchagulia maana moja na kukuficha nyingine kumi na tisa.

Maneno niliyoyahifadhi yatakuwa salama?

Uliza hili kabla hujahifadhi hata moja. Mimi nilikuwa na orodha niliyoilea mwaka mzima ndani ya programu moja: mpunga na wali vikiwa mahali pake, vitenzi vya kuvaa vimepangwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Simu ikaingia maji. Nilipopakua programu ileile kwenye simu mpya, ilinikaribisha kama mgeni. Ilikuwa inahifadhi kila kitu ndani ya simu, na haikuwa na kitufe cha kutoa nakala.

Siku hizi natafuta kitufe hicho kwanza. Kikiwa kinatoa faili la kawaida la maandishi, vizuri. Kikipeleka maneno moja kwa moja kwenye Anki, programu ya kurudia maneno kwa kadi, vizuri zaidi, kwa sababu huko ndiko nitakakoyarudia. Kila mwisho wa wiki natoa nakala, najitumia kwa barua pepe.

Hakuna kamusi ya Kijapani kwa Kiswahili moja kwa moja?

Ziko kamusi za karatasi zilizochapwa Japani, nazo zilimlenga Mjapani anayejifunza Kiswahili. Upande wa JMdict, zaidi ya Kiingereza data imeunganishwa na tafsiri za Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kiholanzi, Kihispania na lugha nyingine chache, na Kiswahili hakimo. Ndiyo maana nimesisitiza sehemu ya kuandika maelezo yako. Yangu sasa ina vidahizo mia sita na kitu, na juzi nimeongeza ただいま, tadaima, neno analolitoa mtu akiingia nyumbani kwake. Bado sijalipatia Kiswahili chake.